Usted ya Baba Mkwe

Nimefundisha Kiswahili shule ya msingi maisha yangu yote ya kazi. Wanafunzi wangu wa zamani nikikutana nao sokoni Tukuyu, naona wameshasahau kila kitu isipokuwa ukali wangu juu ya viambishi. Mtoto akiandika "niliona mama", nilikuwa namsimamisha mbele ya darasa. Ukiona mlima, nilikuwa nasema, andika niliona mlima. Ukimwona mama, mpe m yake. Mama si mlima.

Wengi walinidhania mnoko, na hawakukosea sana. Lakini mimi nimeona kwa macho yangu herufi moja, m hiyohiyo, ikikaribia kumfukuza mtu nyumbani kwetu na kumrudisha kwao ng'ambo ya bahari. Ndiyo maana hadi leo sioni aibu kugombana na mtu kwa sababu yake.

Kaka yangu aliondoka kwenda Kuba kusomea mifugo akiwa na suruali moja ya maana. Akarudi miaka ile ya ruksa, maduka yameanza kujaa tena, akiwa na suruali nyingi na mke mmoja. Mke alikuwa Mkuba, mwembamba, mwenye sauti ya kusikika nyumba ya tatu, na Kiswahili chake chote kilikuwa maneno mawili: jambo na pole. Kaka alisema alimfundisha mengine kwenye ndege. Kama alimfundisha kweli, basi yalibaki kwenye ndege.

Siku ya kwanza ilikuwa balaa. Tulisimama mbele ya nyumba yetu ya Makandana kuwapokea, kila mtu na nguo yake nzuri, na yule dada akatupitia mmoja mmoja akitubusu shavuni, kama wanavyosalimiana kwao. Mama akabusiwa, akacheka. Mimi nikabusiwa. Kabla hatujazinduka, baba naye akawa ameshabusiwa.

Lazima nieleze hapa, maana vijana wa siku hizi hawajui tena. Kwa Wanyakyusa, mke wa mwana na baba mkwe hawakutani. Hawatazamani usoni, hawapishani njiani, hawaongei. Mkamwana akimwona baba mkwe anakuja, anaacha njia na kuingia migombani mpaka apite. Ni heshima, na ni heshima kubwa kuliko zote. Kanisa lilikuwa limeshasema siku nyingi kwamba mambo hayo yalegezwe, na wengi walikuwa wamelegeza. Baba alikuwa mzee wa kanisa na alilitii kanisa kwa kila kitu isipokuwa hilo. Alisimama pale kama nguzo ya simu, shavu lake limebusiwa na mkwe mbele ya majirani, kisha akageuka taratibu akaenda zake shambani. Tulimwona tena wakati wa chakula cha jioni, naye akala chumbani.

Kaka alimweleza mkewe nusu ya habari, kama wanaume wanavyofanya. Alimwambia kwamba hapa baba mkwe huheshimiwa kwa kukaa mbali naye, basi. Yule dada alikubali. Aliacha kupita upande wa baba, na baba alipokuwa uani yeye alikaa jikoni. Lakini kaka alikuwa na kazi ya mifugo vijijini, leo Kawetele, kesho mbali zaidi, anarudi na pikipiki yake amejaa matope, na mkewe alishinda na sisi watu asioweza kuongea nao. Baada ya muda akaanza kunyamaza. Kwa mtu mwenye sauti ile, kunyamaza ni ugonjwa.

Mimi nilikuwa sijaolewa, nikitoka shule nilikuwa naye jikoni, na nilimpenda tangu busu la kwanza. Nikaamua nitajifunza Kihispania na yeye atajifunza Kiswahili, tukutane katikati. Jiko letu lilikuwa la mabanzi, nje ya nyumba, na mabanzi yale tuliyageuza ubao. Nikachukua mkaa nikaandika safu moja: ni, ku, m, tu, wa. Yeye akaandika ya pili kando yake, "me" mbele ya ni, "te" mbele ya ku, na kuendelea.

Nilifurahi kupita kiasi. Wazungu wa misheni niliowahi kuwasikia wakijifunza Kiswahili walikuwa wanateseka na viambishi hivi. Hiki kidogo cha mtendwa kinachojibanza mbele ya kitendo walikuwa hawakielewi. Kumbe cha Kihispania nacho kinajibanza palepale! Mimi nasema nakupenda, wao wanasema "te quiero", na te imekaa mbele ya kitendo kama ku yangu. Namwona, "lo veo". Nilimwambia lugha zetu ni ndugu. Yeye alipopata tafsiri ya maneno hayo alinibusu tena shavuni.

Kwake tatizo lilikuwa kusahau. Alikuwa anamwambia kaka, "Ninapenda wewe."

"Wifi," nikamwambia, "hivyo unampenda kama unavyopenda ugali. Mwingize ndani ya kitendo. Ninakupenda."

Akajaribu. Kaka siku hiyo alichelewa kwenda kazini.

Kwangu tatizo lilikuwa jingine, na nadhani ni sisi tu tungeweza kulipata. Kiswahili kina kiti kimoja tu mbele ya kitendo. Ukimpa mtu kahawa unasema nimempa, na kahawa yenyewe inabaki imesimama nje, kila mtu anajua ipo. Kihispania kina viti viwili, cha mtu na cha kitu, na vyote lazima vikaliwe. Siku moja akaniuliza kama nimempelekea baba kahawa yake. Nikajibu kwa kujiamini kabisa, "Sí, le di." Nimempa.

Akaacha kisu. "¿Le diste?" Akakunja ngumi akaniuliza kwa vitendo, kama nimemtwanga baba. Kumbe ukisema "le di" bila kuiweka kahawa, umesema umempiga. Nilipaswa kusema "se lo di", na hata hapo mle ndani le inageuka se, kwa sababu gani hakuna anayejua. Nilimuuliza kwa nini, akasema kwa sababu "le lo" inasikika vibaya. Mimi mwalimu wa viambishi nilitaka kulia. Tangu siku hiyo kila nikitoka kupeleka kahawa aliniuliza, "Umempa au umempa?", na huku anaonyesha ngumi.

Basi hivyo ndivyo nilivyokuwa mkalimani wa nyumba. Baba alikuwa na benchi lake uani, ameegemeza mgongo kwenye mabanzi ya jiko kwa nje, na mkwe wake alikuwa ndani ya mabanzi hayohayo. Kati yao palikuwa na ubao wenye unene wa kidole. Mafuta ya kupikia yalikuwa yanapatikana dukani bila foleni siku hizo, na wifi yangu alianza kukaanga ndizi mbichi kwa namna ya kwao: anazikata, anazikaanga, anazibonda kwa chupa ya soda mpaka ziwe bapa, kisha anazikaanga tena na chumvi. Sisi tumezaliwa migombani, tunazijua ndizi za kuchemsha, za kuchoma, na mbalaga zinazopikwa na maharage, lakini ndizi ya kubondwa kwa chupa hatukuwahi kuiona. Baba alipelekewa sahani. Alikula zote, kisha akasema kwa sauti, kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kinyakyusa, akitazama mlima:

"Mwambie namsukulu. Ndisi sake nsuli."

Nikaingia jikoni nikasema kwa Kihispania, neno kwa neno, "Papá dice: le agradezco los plátanos."

Uso wa wifi ukafunguka. Sikujua kwa nini, nikadhani ni sifa za ndizi.

Ikawa desturi. "Mwambie asitoke na mfua hii." Que no salga con esta lluvia. "Mwulise kama amelala fisuli." Pregunta si durmió bien. Kila siku neno moja au mawili, na kila mara uso ule unafunguka.

Jioni moja tukimenya ndizi, aliniambia jambo ambalo nililielewa taratibu, sehemu kwa Kihispania na sehemu kwa Kiswahili. Alisema alikuwa amejiwekea mpaka. Mvua zikiisha, kama bado anajiona mgeni, atarudi kwa mama yake. Kwao mambo yalikuwa magumu, mama yake anapanga foleni ya mkate; sisi ndio tulikuwa tunatoka kwenye foleni, wao ndio walikuwa wanaingia. Hata hivyo alikuwa tayari kwenda kupanga foleni na mama yake kuliko kukaa mahali asipotakiwa. Nilishtuka. Nilifarijika kidogo tu kwamba aliyeweka mpaka huo hakuijua Tukuyu, maana mvua za kwetu haziishi, zinapumzika.

"Kinachonishikilia," akasema, "ni baba yako."

"Baba?"

Akasema kwao watu wote wanaitana "tú", wewe. Daktari unamwita wewe, mkuu wa chuo wewe. Ipo "usted", wewe ya heshima, lakini yeye ni mtoto wa mfua nguo, na katika maisha yake hakuna aliyewahi kumwita usted kwa moyo. Sasa amekuja huku mwisho wa dunia, na mzee asiyemtazama usoni anamwita usted kila siku. Le agradezco. Que no salga. "Mzee huyu ananiheshimu," akasema, "siwezi kumkimbia hivihivi."

Nilikaa na ganda la ndizi mkononi. Katika Kihispania, nilikuwa nimeshajifunza, usted inatumia viambishi vya nafsi ya tatu. "Le agradezco" ni namshukuru yeye, na vilevile ni nakushukuru wewe mheshimiwa. Ni neno moja. Baba alikuwa anasema namshukuru, anaongea na mimi juu ya mtu aliye nyuma ya ubao kama vile hayupo, na mimi namtafsiria, na lile neno likipita mdomoni mwangu linageuka heshima. Baba hakuwa amemwambia neno hata moja. Alikuwa ananiambia mimi.

Sikumwambia. Nilisema ndizi zimetosha, tukawasha moto.

Shida ni kwamba mimi ni mwalimu, na mwanafunzi wangu alikuwa hodari. Kila siku sikio lake lilizidi kufunguka. Nilianza kufanya kitu ambacho sijawahi kufanya darasani: kuchelewesha somo. Tukakaa kwenye ngeli za miti na matunda muda mrefu kuliko haja. Lakini ubao ulikuwa pale ukutani, na siku moja akasimama mbele yake na mkaa, akagusa safu moja kwa kidole, ni, ku, m, tu, wa, akageuka.

"Wifi, usted iko wapi?"

Ningeweza kumdanganya. Ningeweza kusema ni wingi, kwamba wazee wetu humwambia mtu mmoja ninyi kwa heshima, na isingekuwa uongo mtupu. Lakini mbele ya ubao mimi sijui kudanganya.

"Kiswahili hakina usted."

"Basi baba anasemaje?"

"Anasema m."

Akatazama ubao. Mbele ya m yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa ameandika "lo, la, le", kwa mwandiko wake mzuri. "M ni ella," akasema. Ni yeye, yule.

"Ndiyo."

Hakulia. Aliuweka mkaa chini, akanawa mikono, akaenda chumbani kwake. Siku hiyo hakukaanga ndizi, na siku zilizofuata pia hakukaanga. Aliposikia sauti ya baba uani alikuwa anabana midomo. Na niseme ukweli, mimi nilimkasirikia baba, nikakikasirikia Kiswahili, lugha yangu mwenyewe, kwa uchache wa viti vyake.

Baba akaona sahani haiji. Akakohoa kwenye benchi lake.

"Mwulise kama anaumwa."

Nikaingia ndani nikasema, maana ndiyo kazi yangu, "Pregunta si está enferma."

"Nani?" akaniuliza wifi. "Mimi au yule?"

Nikamtazama mama. Yeye ndiye alikuwa na jibu. Alikuwa ameketi kwenye kigoda anachambua maharage, na Kihispania hajui hata neno, lakini mambo ya jikoni hayahitaji mkalimani. Aliuliza kwa Kinyakyusa kuna nini, nikamweleza. Akaendelea kuchambua kidogo, kisha akaanza kusimulia kwa Kiswahili, nami nikawa namfikishia mwenzangu kipande kwa kipande.

Alisema yeye na baba mkwe wake, yaani babu yangu, waliishi boma moja mpaka mzee alipofariki, na hakuwahi kumwambia neno. Hata habari ya asubuhi. Alipozaliwa mtoto wa kwanza, mama alikuwa anapikia nje, mvuani. Babu akaenda kukata miti mwenyewe, akapasua mabanzi, akajenga jiko hili tulimokaa. Mlango akauelekeza huku ili upepo wa mlimani usimrudishie moshi machoni. Alipomaliza akamwambia bibi: mwambie asipikie nje tena.

"Mwambie?" wifi akauliza. Alilisikia neno lenyewe kabla sijalitafsiri.

"Mwambie," mama akajibu.

"Ulijuaje kama alikupenda?"

Nikalifikisha swali. Mama akatazama mabanzi, meusi kwa moshi na kwa mkaa wetu, kama mtu aliyeulizwa jua liko wapi.

"Si umo ndani yake," akasema.

Wifi yangu aliinuka akaenda kuugusa ubao, mahali pa m. Lakini kesho yake, baba alipokuwa amekaa kwenye benchi, sauti ile niliyoikosa ilitoka jikoni, kwa Kiswahili, ikasikika nyumba ya tatu.

"Wifi! Mwambie baba siumwi. Mwambie ninampikia ndizi."

M zote tatu mahali pake. Nikatoka nje kumwambia baba, ingawa alikuwa umbali wa ubao mmoja na alikuwa amesikia kila kitu. "Anasema haumwi."

"Mwambie nashukuru," akasema baba, na nadhani siku hiyo hata r yake ilinyooka.

Basi tukaishi hivyo. Watu wawili wanaongea lugha moja, wanasikiana wazi, na mimi katikati natafsiri Kiswahili kwa Kiswahili. Mwambie chumvi imezidi. Mwambie basi achemshe mwenyewe. Mwambie sijasema haziliki. Baba alianza kuhamishia kazi zake zote kwenye lile benchi. Alichonga mipini pale, alishona kapu pale, akitafuta visababu. Nikichelewa kutoka shuleni nilikuwa nawakuta wote wawili kimya, kila mmoja upande wake, wananisubiri mimi niwape ruhusa ya kuongea. Sijawahi kuwa na umuhimu kiasi hicho, na sijawahi kuchoka kiasi hicho.

Ila ule mpaka ulikuwa bado. Kuelewa desturi ni jambo moja, kukaa ni jingine, na hakuwa ameufuta. Kisha ikaja ile wiki. Tukuyu ikapata jua, jua kweli, asubuhi mpaka jioni. Nguo zilikauka kwenye kamba siku moja, watu wakasifu, na mimi nikawa natazama anga kama mwenye deni. Wifi naye alitazama anga. Mama alikuwa ameshamweleza baba habari ya mpaka, maana nyumbani kwetu siri hazikai, na kila asubuhi baba alitoka uani, akaweka mkono juu ya macho, akasema bila kumwambia mtu, "Mfua italuti." Haikurudi.

Siku ya mwisho ya ile wiki tulikuwa jikoni mchana, anabonda ndizi kwa chupa. Nje baba alikuwa kwenye benchi, na kisu chake nilikisikia kikikwangua mti. Wifi akaacha kubonda.

"Wifi, mwambie baba mvua zimekwisha."

Nikasimama mlangoni. "Baba, anasema mvua zimekwisha."

Kisu kikanyamaza. "Nimeona," baba akasema.

"Mwambie nilisema mvua zikiisha nitakwenda."

Nikamwambia.

"Mwambie siendi," wifi akasema. "Mwambie nitampikia ndizi mpaka achoke."

Nilifungua mdomo, lakini baba alikuwa ameshakohoa. Nilimwona ubavuni tu, mgongo umeegemea mabanzi aliyoyapasua baba yake. Kisha akasema, si kwangu, akiwa ameegemeza kichwa kwenye ubao:

"Nimekusikia."

Ku. Katika miaka yote niliyomfahamu baba, sikuwahi kumsikia akimwambia mkwe yeyote ku, na hakuirudia tena. Kesho yake alikuwa amesharudi kwenye m yake, analalamika chumvi. Lakini aliisema, mimi ni shahidi, na hakuna kiambishi nilichowahi kukifundisha ambacho kilinitoa machozi isipokuwa hicho.

Nikageuka ndani kutafsiri, kwa mazoea tu. Na hapo kwenye kizingiti nikasita. "La oí" ingefaa kama siku zote, ingekuwa usted na ingekuwa yeye, isingemuudhi mtu. Nikaiacha.

"Te oí," nikaanza, "baba anasema te..."

Wifi yangu alikuwa ameweka mkono kwenye ubao, palepale mgongo wa baba ulipoegemea kwa upande wa pili. Alitikisa kichwa.

"Usinitafsirie, wifi," akasema. "Hilo ameniambia mimi."